Kibali cha Silaha Hakivuki Mpaka

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia ilikabidhi mjini Arusha hati zake za kuridhia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mwanachama kamili wa nane. Kwa kitendo hicho mahali padogo paitwapo Ras Kamboni palibadilika hadhi. Kabla ya siku hiyo Ras Kamboni palikuwa nje ya ukingo wa Jumuiya. Tangu siku hiyo pamekuwa kwenye mpaka baina ya ndugu wawili wa nyumba moja, kama ilivyo Namanga, Mutukula au Busia.

Ras Kamboni ni ncha ya mwisho ya pwani ya Somalia kwa upande wa kusini. Ng'ambo ya mpaka ziko Ishakani na Kiunga, katika Kaunti ya Lamu nchini Kenya. Kaskazini yake vimetanda visiwa vya Wabajuni, yaani Chula, Chovai, Koyama na vinginevyo, mpaka kuufikia mji wa Kisimayu. Wabajuni wa pande zote mbili husema lahaja moja ya Kiswahili, huvua katika bahari moja na huozana. Kwa watu hao mpaka ni kama uzio uliopitishwa katikati ya ua wa nyumba moja.

Mwezi Mei 2023 serikali za Kenya na Somalia zilitangaza kwamba vituo vya mpakani vilivyokuwa vimefungwa kwa zaidi ya miaka kumi vingefunguliwa kwa awamu, na kituo cha Kiunga na Ras Kamboni kilikuwa miongoni mwao. Mwezi Julai mwaka huo huo Kenya iliahirisha mpango huo kwa sababu ya mashambulizi yaliyoendelea upande wake. Sababu hiyo yatosha kuonyesha kwamba katika mpaka ule hofu kubwa ya walinzi ni bunduki, na wala si samaki, kitambaa au gunia la sukari. Ndiyo maana yafaa kuliangalia kwa makini swali ambalo watu wengi hulichukulia kuwa dogo: je, mtu aliyepewa kibali cha kumiliki silaha katika nchi moja, akisafiri au akihamia nchi ya pili, kibali chake kina nguvu gani huko aendako?

Jibu la sheria ni fupi: hakina nguvu. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi yake ya Kutoa Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1991. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Kila moja ya sheria hizo yazungumzia kibali kinachotolewa na mamlaka ya nchi yenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yazungumzia uhuru wa watu, bidhaa, kazi, huduma na mitaji. Haina neno linalomruhusu mtu avuke mpaka na bastola kiunoni kwa nguvu ya karatasi ya nchi jirani.

Ichukuliwe mathalani habari ya mfanyabiashara wa Tanga ambaye biashara yake imemlazimu kuhamia Mombasa. Nyumbani kwake alikwisha kuchunguzwa na polisi, akapewa leseni, na bastola yake imeandikwa daftarini. Yeye ni raia mwema, hana kosa lolote. Lakini pale Horohoro, hatua moja kabla ya mpaka, bastola ile ni mali halali; na pale Lungalunga, hatua moja baada ya mpaka, bastola ile ile ni kosa la jinai. Mtu huyo hakubadilika, na bastola haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anayemdhamini. Polisi wa Tanga wanaomjua hawana mamlaka Mombasa, na polisi wa Mombasa wenye mamlaka hawamjui.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya jambo hilo ni rahisi: basi mtu huyo na achukue vibali viwili, kimoja cha Tanzania na kimoja cha Kenya, na kama ana biashara Kampala pia, achukue vitatu. Kwa haraka haraka shauri hilo laonekana kuwa la busara, lakini lina shimo chini yake.

Kibali cha silaha si mali ya daima kama hati ya kuzaliwa. Ni amana. Serikali humpa mtu kwa kuwa imeridhika na mwenendo wake, na yaweza kumnyang'anya mwenendo wake ukiharibika. Mtu akimtishia mkewe kwa bastola, akilewa na kufyatua risasi ovyo, au akishukiwa kumwazima jambazi silaha yake, mamlaka ya nchi ile humfutia leseni na kuichukua silaha. Sasa, kama mtu huyo ana vibali vya nchi tatu, na madaftari ya nchi hizo tatu hayasomani, kosa lake litamfungia mlango mmoja na kumwachia miwili wazi. Kwa maneno mengine, kibali husafiri na mwenyewe, lakini kufutwa kwa kibali hakusafiri. Hapo ndipo ilipo hatari ya kuwa na vibali vingi, nayo haimhusu mwenye silaha peke yake. Yamhusu mke wake, mtumishi wake, jirani yake, na abiria aliyeketi karibu naye katika basi.

Baadhi ya watu hupenda kuitaja Marekani kuwa mfano wa kufuatwa. Yafaa basi kutazama mambo yalivyo huko. Marekani ina majimbo hamsini, na kila jimbo lina kanuni zake kuhusu kubeba bastola iliyofichwa ndani ya nguo. Kibali cha jimbo moja huweza kutambuliwa katika jimbo la pili na kukataliwa katika la tatu. Kwa sababu hiyo wako wasafiri wanaokusanya vibali kama watoto wakusanyavyo stempu: kimoja cha nyumbani, kingine cha Utah, kingine cha Florida, kwa kuwa majimbo hayo hutoa vibali hata kwa watu wasio wakazi wake. Jimbo la Vermont halitoi kabisa kibali cha namna hiyo, kwa kuwa halikidai. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa Vermont akienda katika jimbo linalodai kibali hana cha kuonyesha, mpaka atafute cha jimbo lingine. New York, kwa upande wake, haitambui kibali cha jimbo lolote.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda mpita njia anayesafirisha silaha kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo hadi mahali pengine anaporuhusiwa, ilimradi silaha hiyo haina risasi na haifikiki kwa urahisi akiwa safarini. Haimlindi anayeibeba kiunoni. Mwezi Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kulazimisha majimbo yote yatambue vibali vya mengine, lakini muswada huo haukupita katika Baraza la Seneti. Hao ni watu wa taifa moja, wenye bendera moja na rais mmoja, ambao tangu mwaka 1998 wana utaratibu wa shirikisho wa kuwachunguza wanunuzi wa silaha madukani. Ikiwa wao, pamoja na hayo yote, hawajakubaliana, basi si busara kudhani kwamba mataifa manane ya Afrika Mashariki yataweza kulimaliza jambo hili kwa saini na mhuri.

Ulaya imekwenda kwa njia nyingine. Tangu agizo la mwaka 1991 nchi za Umoja wa Ulaya zina Pasi ya Silaha, ambamo bunduki za mwenyewe huandikwa. Pasi hiyo huwasaidia hasa wawindaji na wapiga shabaha, na mwenye nayo hutakiwa aweze kuonyesha sababu ya safari yake, kama vile mwaliko wa mashindano. Anayetaka kutembea na bastola ya kujilinda hapati njia ya mkato. Hana budi kuomba ruhusa ya nchi anayokwenda.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake wa kale wa namna hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania huwapokea wawindaji wa kitalii. Mwindaji huyo huja na bunduki yake kwa kibali cha muda. Bunduki hutajwa kwenye karatasi, nambari yake husomwa, na aondokapo hutakiwa aondoke nayo. Huo ndio mwendo wa haki: silaha moja inayojulikana, kwa kazi inayojulikana, kwa muda unaojulikana, mbele ya macho ya mwenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyeficha bastola chini ya koti, ambayo mwenyeji hakuarifiwa, hamponyi mwenyeji bali humtia wasiwasi.

Baada ya kuyatazama hayo, yafaa kurejea Ras Kamboni, kwa sababu hapo swali la kibali hupata uzito wake wote. Kwanza, mpaka wenyewe haukuchorwa na wenyeji. Hadi mwaka 1925 nchi yote kutoka Ras Kamboni mpaka Mto Juba, pamoja na Kisimayu na visiwa vyake, ilikuwa chini ya Waingereza kama sehemu ya Kenya. Mwaka huo Waingereza waliwapa Waitaliano eneo hilo, kwa mapatano yaliyotokana na Vita Kuu ya Kwanza. Mbajuni wa Chula aliyelala chini ya sheria za Kenya aliamka chini ya sheria za Italia bila kung'oa hata kigingi kimoja cha nyumba yake. Watu wengine huhama wakavuka mipaka. Hapo mpaka wenyewe ndio uliohama ukawavuka watu.

Pili, karatasi ya ruhusa ya silaha katika zama hizo haikuwa alama ya kuaminiwa kwa raia. Kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalizuia biashara ya bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Mkataba huo ulisema kwamba shabaha yake ni kukomesha biashara ya watumwa, lakini pia ulihakikisha kwamba bunduki inabaki mikononi mwa mtawala. Si ajabu basi kwamba kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba kibali ni heshima ya bwana. Kazi ya serikali huru imekuwa kukigeuza kiwe ahadi ya raia kwa raia wenzake.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ahadi hiyo yahitaji mtu wa kuipokea. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Somalia ilibaki bila daftari la taifa na bila mwenye daftari. Bunduki za maghala ya jeshi zilitawanyika. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha kwa Azimio namba 733 la Januari 1992, na vikwazo dhidi ya serikali ya Somalia havikuondolewa kikamilifu mpaka tarehe 1 Desemba 2023. Katika muda huo wa karibu miaka thelathini na miwili, aliyekuwa na bunduki hakuulizwa kibali. Bunduki yenyewe ndiyo iliyokuwa kibali.

Walioumia sana katika hali hiyo ni wale wasiokuwa nayo. Wabajuni ni wavuvi na mabaharia, na hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwakinga. Wanamgambo wenye silaha waliingia visiwani, wakapora mashua na nyavu, wakawafukuza watu makwao. Wengi walivuka wakaenda Kenya wakiwa wakimbizi. Anayedhani kwamba silaha isiyo na daftari huleta usawa baina ya watu na awaulize wavuvi waliopoteza mashua zao. Pasipo daftari, mwenye haki ni mwenye risasi nyingi.

Nalo swali la nani atoe ruhusa bado halijatulia. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 yaiweka kazi ya ulinzi wa taifa mikononi mwa serikali ya shirikisho, lakini majimbo nayo yana majeshi yake. Tarehe 11 Desemba 2024 askari wa serikali ya shirikisho na askari wa Jubaland walipigana hapo hapo Ras Kamboni. Askari wa serikali waliposhindwa, mamia yao walivuka wakaingia Kenya upande wa Ishakani, wakakabidhi silaha zao. Tukio hilo lastahili kufikiriwa. Hao walikuwa askari waliopewa bunduki na serikali yao, inayotambuliwa na ulimwengu. Na bado, walipovuka mstari ule wa mwaka 1925, ruhusa yao ilikoma, wakaziweka bunduki chini. Ikiwa ruhusa ya jeshi la taifa hukoma mpakani, ruhusa ya raia mmoja na bastola yake itapitaje?

Wala jambo hilo halikuwa la upande mmoja. Majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011, hayakutegemea ruhusa ya Nairobi peke yake. Mwaka 2012 yaliunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika, chenye idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Silaha huvuka mpaka kwa haki pale tu mwenyeji na mgeni wanapokubaliana waziwazi.

Ni dhahiri basi kwamba kuvikusanya vibali si dawa, na kukitangaza kibali cha nchi moja kuwa halali katika nchi zote nane si dawa vilevile. Kibali kina thamani ile ile ya daftari lililo nyuma yake. Nchi mbili haziwezi kuaminiana karatasi kabla hazijaaminiana madaftari.

Msingi wa kazi hiyo ulikwisha kuwekwa. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyoanza kutumika Mei 2006, yazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziziandike silaha zote za raia katika daftari kuu la taifa, zitie alama kila silaha, na zilinganishe sheria zao. Kituo cha kusimamia itifaki hiyo kipo Nairobi, na Somalia imo miongoni mwa wanachama wake. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina orodha ambamo silaha iliyopotea au kuibwa yaweza kutajwa na kutafutwa. Mwezi Desemba 2018 Kenya iliamuru raia wote wenye leseni za silaha wahakikiwe upya, hatua iliyoonyesha kwamba hata nchi yenye bodi na sheria ya muda mrefu hulazimika kurudi mara kwa mara na kulisafisha daftari lake.

Kinachohitajika sasa ni kuyafanya madaftari hayo yasomane. Leseni ikifutwa Dar es Salaam, ofisa wa Nairobi ajue siku hiyo hiyo. Bastola ikiibwa Kampala, nambari yake ifike Kiunga kabla ya mwizi. Na kabla kituo cha Ras Kamboni hakijapokea abiria wa kawaida, pawe na ghala la kuhifadhi silaha, mtu wa kuandika nambari, na stakabadhi ambayo pande zote mbili zitaiheshimu. Vitu hivyo si vya fahari, lakini ndivyo vitakavyomwezesha mvuvi wa Chula kuuza kamba koche wake Lamu bila kupekuliwa kama jambazi, na askari wa Kiunga kulala usingizi.

Wakati hayo yakingojewa, wajibu wa msafiri ni mwepesi kueleweka. Anayesafiri kwa siku chache na aiache silaha nyumbani, imefungiwa mahali salama, au aikabidhi kwa polisi au kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, kama sheria ya nchi yake inavyoelekeza. Anayehama kabisa na aombe ruhusa ya nchi anayokwenda kabla ya kufunga mizigo, na asiivushe silaha mpaka apate jibu kwa maandishi. Na aliyepewa vibali vya nchi mbili kwa haki asiifiche nchi moja habari za nyingine. Kosa la huku alitaje kule, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Ndugu wasikilizaji, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekusudiwa kuwarudishia watu wa pwani ya Wabajuni, na watu wa mipaka yote, ua wao uliogawanywa na mabeberu. Ua huo hautakuwa wa amani ikiwa kila mwenye nyumba ataingia na silaha ambayo jirani zake hawaijui. Wale ambao kwa miaka zaidi ya thelathini walitawaliwa na mtutu usioulizwa kibali wana haki ya kudai kwamba lango la Ras Kamboni litakapofunguliwa, mtu apite, chombo kipite, biashara ipite, na bunduki isimame kwanza iandikwe.